Na Watu Wake Watano

Kabla hujakaa sawasawa Karani alikuwa keshakuuliza: "Nyinyi mlikuja na nini, ndege au jahazi?" Ukimjibu ndege, basi, amekwisha nawe, anageuka kumtafuta mwingine. Ukimjibu jahazi, umejitia kitanzini kwa mikono yako. Jahazi gani? Liling'oa nanga asubuhi au alasiri? Mliteka maji wapi? Wanawake walikaa upande gani? Na mama yako, jina lake nani? La kwake mwenyewe, si mama fulani.

Hilo la mwisho ndilo lililomponza. Hapa Maskati mwanamme humuulizi jina la mama yake mbele ya wanaume wenzake. Ni kama umemvua nguo. Kwenye harusi moja tulisikia zogo kutoka upande wa wanaume, tukadhani wanagombania nyama. Kumbe Karani kamuuliza mzee mmoja wa heshima zake jina la marehemu mama yake, na mzee kasimama anamfokea, "Huna haya weye!" Mama yangu akavuta mtandio wake akasema, "Keshaanza. Twende zetu kabla hatujafukuzwa pamoja naye."

Sote tulimwita Karani, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya gatini Unguja katika ujana wake. Alikuwa jirani yetu Mabela, pembeni mwa Maskati. Tulipohamia, miye na mama yangu, mwanzo wa miaka ya tisini, Mabela ilikuwa mchanga na kuta zisizokwisha, na yeye akikaa katika chumba chenye mlango wake mbali, ndani ya ua wa mpwa wake. Miye nilikuwa nikifanya kazi katika ofisi ya kutafsiri hati, na nadhani hilo ndilo lililomfanya anione mtu. Siku ya pili tu kaja na sahani ya mkate wa ufuta, kasimama anatazama kizingiti. "Mwanangu, nasikia weye mtu wa makaratasi."

Hakunitazama siku ile wala siku nyengine yoyote. Miaka yote niliyomjua alizungumza nami huku akitazama kizingiti, au mkono wa kiti, au kikombe chake. Mama alikuwa akimcheka: "Huyu mtu anauliza majina ya wanawake wa Maskati nzima na hajui sura ya hata mmoja." Miye nilimwona ni mzee wa zamani tu, mwenye haya zake. Sikujua lolote.

Alikuwa nadhifu mpaka inakera. Dishdasha yake ina mikunjo ya pasi kama bahasha mpya, kofia imenyooka, ndevu kazinyoa alfajiri. Watu walimjia awaandikie maombi, ya ardhi, ya pasi, ya kumwombea kijana kazi, na alikuwa haandiki mpaka umemtajia kila mtu wa nyumbani kwako kwa jina lake na la baba yake. Siku moja kaja bwana mmoja mwenye haraka, kamwambia, "Andika tu miye na familia." Karani akaweka kalamu chini. "Familia si jina." Yule bwana akacheka, akadhani mzaha. Karani akamrejeshea karatasi yake nyeupe akaenda zake kusali, na sala ilikuwa bado saa nzima.

Na ulimi alikuwa nao. Wazee wenzake wakikaa na ghahawa yao wakaanza kuisifu Unguja, karafuu zake, mvua zake, bahari yake, alikuwa anawangoja wamalize kisha anawauliza, "Kama ilikuwa pepo, mbona tulitoka mbio?" Hakutaka kusikia nyimbo za huko. Hakutaka kwenda kutembea, hata njia zilipofunguka na watu wakawa wanakwenda na kurudi na mifuko ya viungo. Lakini ukimtajia jahazi moja tu, hilo alilolitafuta yeye, anageuka mtu mwengine, anavuta kiti, sauti inashuka.

Jahazi hilo likiitwa Sahala. Mwaka wa pili wa ujirani wetu alinionyesha karatasi yake, nami ndipo nilipojua nimekaa jirani na nini.

Ilikuwa nakala ya kaboni ya orodha ya abiria, hati yake mwenyewe, nzuri, iliyolala upande mmoja. Mistari saba. Kila mstari una jina la mwanamme, la baba yake na la babu yake, na mbele yake maneno yale yale: na watu wake watatu, na watu wake wawili, na watu wake sita. Niliihesabu. Wanaume saba wana majina, na watu ishirini na sita hawana hata herufi moja.

"Hawa ndio kina nani?" nilimuuliza.

"Wanawake na watoto. Ilikuwa ndiyo desturi, mwanangu. Jina la mwanamke haliandikwi likapita mikononi mwa mabaharia na maaskari. Ni sitara. Namuuliza mwanamme, watu wako wangapi? Anasema watano, naandika watano. Na mwanamke akipita mbele ya meza yangu, miye macho yangu karatasini. Ndivyo nilivyolelewa. Nimefanya kazi hiyo miaka minane na nikisifiwa kwa adabu yangu."

Kisha akanihadithia. Zilikuwa zile siku za vurugu za mapinduzi, watu wanakimbia na walichokishika mkononi. Mkewe na binti yao wa miaka minne walikuwa wasafiri wiki ya pili yake, pamoja na shemeji yake. Asubuhi ile Karani kaketi kazini kama kawaida, kaandika watu wa Sahala, jahazi limetweka limekwenda. Adhuhuri karudi nyumbani, kakuta mlango una kufuli. Jirani akamwambia shemeji yake kakamatwa alfajiri, na mkewe alipopata khabari kamchukua mtoto kakimbilia gatini, aondoke na yeyote anayeondoka.

"Meza ilikuwa moja," alisema. "Na asubuhi ile lilitoka jahazi moja. Kwa hivyo alipita mbele yangu. Kajifunika gubigubi, kamshika mtoto mkono, kasimama nyuma ya mwanamme asiyemjua, na miye nikawaandika. Nimemwandika mke wangu na mwanangu kuwa watu wa mtu, na sikunyanyua jicho."

Nikamuuliza swali ambalo kila mtu angeliuliza: mbona yeye hakumwita?

"Karani akionekana anasafirisha watu wake, anakwenda na maji. Aliniogopea. Na mtoto lazima alimziba mdomo, kwa sababu mtoto yule akiniona tu alikuwa anapiga kelele." Akaikunja karatasi. "Nenda nyumbani, mama yako anakungoja." Mama hakuwa akiningoja. Nilikwenda nikakaa jikoni nikalia, na mama akadhani nimefukuzwa kazi.

Sasa mtu ataniambia, basi si awatafute hao wanaume saba tu? Ndivyo alivyofanya. Yeye mwenyewe alifika Maskati baada ya miaka, alipopata njia, na tangu siku hiyo hakufanya jengine. Wawili kawapata Sur, mmoja Salala, mmoja Dubai, wengine walikuwa wamekufa akawapata watoto wao. Kila mmoja kamhesabia watu wake kwa majina, na kila mmoja watu wake walikuwa wake kweli. Nilipomjua alikuwa amebakiwa na mstari wa saba: fulani bin fulani bin fulani, na watu wake watano. Jina lenyewe ndilo ambalo ukiliita msikitini siku ya Ijumaa inageuka nusu ya jamaa. Kabila halikuandikwa, kwa sababu kule karani hakuandika kabila, na huku watu walipofika walijulikana kwa makabila yao. Yule mtu alishuka na jina jengine, akapotea ndani ya nchi kama sukari ndani ya chai.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini anawaudhi wanaume wa watu kwa majina ya mama zao. Alikuwa anatafuta jina moja, la mkewe, huenda likatoka kinywani mwa mtu. Nilimsamehe yote. La, si yote. Alikuwa na ghadhabu mbaya. Siku moja nilimwambia, ami, ungelioa ukapata wa kukuangalia, akanifungia mlango wiki mbili. Mama akaniambia, "Kuuliza si ujinga, lakini weye huulizi, weye unachokonoa." Nikampelekea sambusa za kuomba radhi, akazipokea akitazama kizingiti.

Safari tuliyofanya naye ilikuwa moja tu, ya Qantab, kijiji cha wavuvi. Alisikia kwamba kuna baharia wa Sahala yu hai, kaoa huko. Nikamchukua kwa gari yangu siku ya Alkhamisi, karatasi kaiweka mfukoni mwa kifua. Baharia tulimkuta kaketi uani kwake ananyoosha miguu, macho hayaoni vizuri lakini kumbukumbu kali. Kwanza alitaka kutupa samaki. Karani hakuwa na subira ya samaki.

"Mwanamke aliyekuwa na mtoto wa kike mdogo," alisema. "Hakuwa na mwenyewe."

"Wote walikuwa na wenyewe," yule mzee alimjibu. "Kwenye jahazi hawekwi mwanamke asiyekuwa na mwenyewe." Akafikiri. "Alikufa mmoja. Homa ilimshika baada ya Mukalla, siku ya nne kafa. Tulimkafini tukamsalia tukamtosa. Kweli, alikuwa na kitoto cha kike. Kilikuwa hakilii, kinatutazama tu."

"Jina lake?"

"Jina la mwanamke wa watu nitalijulia wapi, bwana? Tulimsalia kuwa mke wa fulani." Na akataja lile jina la mstari wa saba.

Karani aliuliza mtoto alikwenda na nani. Baharia akasema alibebwa na mke wa huyo huyo fulani, wakashuka Matrah wote pamoja; zaidi ya hapo hakujua, wala kabila lao. Tukaaga. Tulipofika Mabela ndipo akaniambia, "Amesaliwa kwa jina la mume asiyekuwa wake." Akashuka. Tangu siku ile hakula samaki tena, na huyo ni mtu wa Unguja anayeishi Maskati, nchi ambayo samaki ndiyo mboga.

Nilidhani khabari ile itamtuliza. Badala yake ilimwasha. Mke kapumzika, alisema, lakini mtoto yuko. Yuko mtu mzima sasa, yuko hapa hapa, pengine tunapishana naye sokoni. Akaja kwetu mchana mmoja, akakaa, akaniomba kitu ambacho aliona haya kukiomba. Wanaume hawatamwambia. Habari za mtoto aliyeokotwa zinajulikana na wanawake. Je, nitamuulizia?

Nikawa yeye. Nakwambieni kweli, niliuliza mpaka nikawa kero. Kwenye hina, kwenye maulidi, kwenye azaa, matanga ya huku, nimekaa mkekani na akina mama wa watu nauliza: mlikuja na nini? Marafiki walinikimbia. Shangazi yangu mmoja alisema kijicho kimeniingia, natafuta aibu za watu. Kweli ilikuwa aibu, na nilijua. Katika nchi hii ukimuuliza mtu kama baba yake ni baba yake, umegusa bataka yake ya uraia, ardhi yake, ndoa za watoto wake. Lakini nikimkumbuka yule mzee anatazama kikombe, nauliza tena. Miaka ikapita hivyo, zaidi ya mitano. Mabela ikajaa nyumba, lami ikafika mlangoni kwetu, mama akafariki, na miye bado nauliza.

Ilikuwa azaa, nyumba moja ya mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Mwanamke mwenye umri wa makamo, abaya nzuri, saa ya dhahabu, alinisikia nikiuliza. Nilipokwenda jikoni kuosha mikono akanifuata akafunga mlango.

"Weye ndiye unayemuulizia karani wa gatini?"

Nikasema ndiye.

"Basi usiulize tena. Nitakuja. Mara moja tu, na usimwambie mtu."

Alikuja siku ya tatu yake, kwa teksi, na dereva wa nyumbani kwake anaye. Nilimkaribisha kwangu, nikamwita Karani, nikataka kuondoka, lakini yule bibi akanishika abaya: kaa, mimi na huyu si maharimu mbele ya watu. Basi nilikaa, nami sitasamehewa kwa kukaa.

Karani aliingia na dishdasha mpya. Mara ya kwanza katika umri wangu nikamwona ananyanyua macho kumtazama mwanamke, na alimtazama kwa muda mrefu. Yule bibi ndiye aliyetazama chini.

"Ami," alimwita. Si baba. "Mzee aliyenilea aliniambia kabla ya kufa. Aliniambia, mama yako alikufa baharini, na baba yako alikuwa karani, tulisikia kauliwa. Nimejua miaka tisa. Na weye nimekusikia kwenye harusi za watu unauliza. Siku moja nilikuwa chumba cha pili."

"Mbona hukuja?"

"Nije vipi? Aliyeniozesha ni yule mzee. Yeye ndiye aliyesimama kuwa walii wangu wa nikaha, kama baba mzazi. Wanawe nimekaa nao kichwa wazi tangu mdogo, kaka zangu. Mwanangu mkubwa yuko serikalini kwa jina la kabila la mama na baba. Binti yangu anaolewa mwakani. Leo nikisema miye binti yako, ndoa yangu itakuwa nini? Wanangu watakuwa watoto wa nani?" Alikuwa analia bila sauti. "Kila unapouliza, unabomoa nyumba yangu tofali moja. Nakuomba, ami. Wacha."

Nilingoja Karani apandishe ghadhabu zake. Nilizitaka. Lakini alikuwa mtu wa dini, na aliifahamu hesabu ile upesi kuliko miye. Akasema, "Niliandika mwenyewe." Halafu akamuuliza jambo moja tu: "Jina la mama yako unalijua?"

"Silijui. Hawakulijua nao."

Akafumbua mdomo amwambie. Miaka yote ile alilibeba jina lile akitafuta wa kumpa. Yule bibi akanyanyua mkono upesi. "Usinambie. Wallahi usinambie. Nikilijua nitalitaja kwenye dua, na watoto watanisikia."

Akafunga mdomo. Yule bibi akainama akambusu kichwa, kama mtu anavyombusu mzee yeyote, akatoka kungojea teksi yake. Hakunywa hata ghahawa.

Alasiri ile Karani alichukua rula na wembe akaukata mstari wa saba kutoka kwenye ile orodha, akautia kwenye makaa ya chetezo, juu yake akaweka ubani. Alifanya polepole, kwa unadhifu wake. Miye nilikasirika naye. Nikamwambia, "Umemtafuta umri mzima, na umekubali kwa dakika moja!" Akanijibu kwamba wino ukikauka umekauka. Sikupenda jibu lile na silipendi mpaka leo.

Baada ya hapo hakumuuliza mtu kitu. Kwenye harusi alikaa mwisho wa mkeka, anakula alichopewa, na kama kuna aliyetaja jahazi, anaondoka. Watu wakasema Karani sasa kapata akili. Wapo waliofurahi. Miye niliona mtu anaisha mbele ya macho yangu na hakuna dawa ya kumpa. Yule bibi alipomuozesha binti yake mwaka uliofuata, harusi kubwa, Mabela nzima ilialikwa isipokuwa Karani, na jioni ile alikuja kwangu kuniuliza kama nguo ya bibi harusi ilikuwa nzuri. Nikamwambia ilikuwa nzuri.

Mara ya mwisho nilipokaa naye alikuwa amelazwa, pumu na moyo. Mpwa wake alikuwa safarini, nikaenda miye. Akaja muuguzi, msichana wa Kikenya, mchangamfu, ana fomu ya kujaza, akafurahi kukuta watu wa Kiswahili.

"Mzee, pole sana. Nitakuuliza maswali kidogo tu. Bibi yuko?"

"Kafariki."

"Pole. Na watoto, uko na watoto wangapi?"

Nilifumbua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini. Labda nilitaka lisemwe hata mara moja, kwa mgeni, kwenye karatasi ya kutupwa. Alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Sina," alisema. "Andika hakuna."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna. Andika."

Yule msichana akaandika. Karani akaomba aione. Akaisogeza karibu na macho, akaisoma kutoka juu mpaka chini, jina lake, umri wake, mstari mmoja mmoja, akamrejeshea, akamwambia imeandikwa sawa.